Mwaka Niliomlelea Wakili Mtoto Wake

Watu hustaafu wakiwa na mvi na mgongo uliopinda. Mie nimestaafu na miaka ishirini na saba, meno yangu yote yako, na mgongo umepinda kidogo tu, upande wa kushoto, ule wa kubebea watoto. Hakuna aliyenifanyia karamu wala kunipa saa ya ukutani. Nilikunja leso zangu, nikavuka feri, nikarudi kwetu Timbwani, na sasa nauza viazi vya karai mlangoni kwa mamangu. Viazi havilii, havihari, na havina mama atakayekuja kuvidai.

Naandika haya kwa ajili yenu wasichana mnaoanza kazi ya uyaya. Kila mara naona mmoja wenu apita hapa na mkoba wake akielekea feri, aniuliza, "Da Riziki, ile kazi ikoje?" Nami namjibu upuzi huku namkaangia, acheka, aenda zake. Lakini kuna jambo sijawahi kulisema, kwa sababu haliendi na viazi. Mshahara siuzungumzi, kila mtu atalia wake mwisho wa mwezi. Wala sitawaeleza nilivyopanda cheo, maana katika kazi yetu cheo ni kimoja: leo waitwa "wewe msichana", kesho waitwa jina lako. Shule yangu iliishia darasa la nane, basi mkikuta neno limekaa upande, liwekeni sawa wenyewe.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Changamwe, nyumba yenye mapacha. Nilikwenda na viatu vya visigino, nikidhani naenda kazini kama watu wanavyokwenda kazini. Nilimkuta Mama Dzame, mama wa Kigiriama kutoka Kaloleni, ambaye magoti yalikuwa yamemchosha na alikuwa akiniachia nafasi yake. Akaviangalia vile viatu kwanza, kisha mimi.

"Mwanangu, hivyo ni viatu vya kwenda kuposwa," akasema. "Vua."

Alinifundisha kazi miguu mitupu. Maji ya kumuogesha mtoto hupimwa kwa kiwiko, si kwa kiganja, maana kiganja cha mfanyakazi kishazoea moto na kitakudanganya. Fundo la leso ya kubebea hukaa kifuani, juu ya ziwa, si tumboni, la sivyo mtoto atateremka kama gunia. Uji hupepewa, haupulizwi. Uwe na leso mbili, moja ya kubebea na moja ya kufutia, na usizibadilishe hata kama umechanganyikiwa, kwa sababu mtoto hulala kwa harufu. Yote hayo nilidhani ndiyo kazi. Siku aliyoondoka ndipo akanipa kazi yenyewe.

"Mtoto akipiga hatua ya kwanza mbele yako," aliniambia, "hukuona."

"Na nikiona?"

"Hukuona. Jino la kwanza hukuliona. Neno la kwanza hukulisikia. Mamake akirudi jioni, akapiga kelele 'njooni muone, mtoto atembea', wewe waja mbio na mikono kichwani kama uliyeona maajabu. Hiyo ndiyo kazi. Hayo mengine ni kufua."

Nikawa hodari wa kutoona. Kila mtoto niliyemlea alipiga hatua ya kwanza mara mbili: moja yangu, moja ya mamake. Ya kwangu niliimeza. Nikifika hapo kwenye mikono kichwani, wallahi mngeniandikia cheti.

Baada ya Changamwe nikapata nyumba ya Kisauni, kwa Da Zuhura. Yeye alikuwa wakili. Kutwa yuko mahakamani Shanzu na kesi za mashamba ya urithi, talaka, na watu waliopigana harusini wakasahau sababu. Lakini wazimu wake ulikuwa meli. Mumewe, Baba Ilyas, afanya kazi ya zamu kwenye yadi ya makontena, na ni mtu mpole kiasi kwamba mwaweza kukaa chumba kimoja ukadhani ni kabati. Akitoka kazini na habari ya meli iliyokamatwa bandarini, Da Zuhura alikuwa akimhoji kama shahidi.

"Meli zatia nanga kwetu," alikuwa akisema. "Mizigo yaoza kwetu, mabaharia walala na njaa kwetu, na kesi ikiwa kubwa aletwa wakili kutoka Ulaya. Kwani sisi tuna nini vichwani?"

Ndiyo akawa anatafuta kwenda Uingereza kusomea sheria za meli, digrii ya pili, wenyewe waiita masta. Akaandika, akafanya mitihani, akakubaliwa, akapata na ufadhili. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja. Ilyas mwanawe alikuwa na miezi tisa, atambaa kama kaa na hana jino ila mawili ya chini, ambayo mie, kama kawaida, sikuyaona.

Wiki mbili kabla ya safari nilimkuta jikoni amesimama tu, jiko halijawashwa.

"Siendi, Riziki."

"Mbona?"

"Atanisahau. Mtoto wa miezi tisa mwaka mzima ni umri wake wote na zaidi. Nitarudi na joho, yeye aniulize mimi ni nani."

Mie mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia, "Da Zuhura, wewe nenda kasome. Kumlisha nitamlisha, lakini kazi yangu kubwa itakuwa kumkumbusha. Ukirudi utakuta akujua mpaka unyayo."

Akashika kiberiti. "Waniahidi?"

"Naahidi."

Akaenda. Msifikiri aliondoka kwa miguu myepesi. Majirani walikwisha mtafuna kabla ndege haijaruka. Mmoja, mama wa nyumba ya pili, alisimama kwenye uzio akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama gani huyo aachisha mtoto ziwa kwa sababu ya vyeti?" Nikamjibu kwamba nusu ya mtaa huu mama zao wako Saudia wakilea watoto wa Waarabu, na hakuna aliyeuliza kitu. Huyu mmoja aenda kusoma ndio midomo yenu yawawasha. Aliingia ndani na ndoo tupu. Nilijisikia bingwa. Nawaambia hili mjue kwamba mwanzoni nilikuwa upande wake, na sikuwahi kuutoka. Yaliyotokea yalitokea nikiwa upande wake.

Kila siku baada ya alasiri Da Zuhura alipiga simu ya vidio. Kwao ilikuwa adhuhuri, yuko nje ya maktaba, amekaa kwenye ngazi na koti zito na kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi. Alikuwa akisoma mpaka macho mekundu. Kuna siku alikuwa na kitu cha kumaliza kusoma, akamsomea Ilyas kwa sauti, na Ilyas akasinzia kwa kesi ya meli mbili zilizogongana kwenye ukungu. Hata mie nilisinzia. Alinieleza kwamba darasani kwao walikuwa watu wa kila nchi, wengi wao makampuni yao ndiyo yaliwapeleka, na yeye mara ya kwanza alipoinua mkono aliongea haraka mpaka mwalimu akamwomba arudie. "Nilitamani sakafu inimeze," akasema. "Wakili mzima." Nikamwambia hayo ni ya siku ya kwanza tu, mie siku yangu ya kwanza nilivaa visigino. Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana miezi ile ya mwanzo.

Ilyas akatembea. Ilikuwa asubuhi, akaachia mguu wa meza na kuifuata chaji ya simu. Sikuona. Nikangoja mpaka baada ya alasiri, nikaiegemeza simu kwenye mfuko wa mchele, nikasema, "Da Zuhura, leo huyu asimama simama, hebu tumtazame." Ilyas akatembea akavuka mkeka. Da Zuhura aliangusha simu yake, tukawa twatazama mawingu ya Uingereza na kusikia mtu akilia. Mie nikatia mikono kichwani. Baba Ilyas alikuwa ameketi pale na chai yake, na alikuwa amemwona mtoto akitembea asubuhi ile ile. Alinitazama, akanywa chai.

Hatua nilifanikiwa kuihifadhi. Neno ndilo lililonishinda. Neno haliwekwi mpaka alasiri. Nilikuwa nakuna nazi, Ilyas ameshika leso yangu, akasema, "Mama." Nikajifanya sikusikia. Akavuta leso, akarudia. Akarudia tena, kwa furaha, kama mtu aliyegundua kitu kina mpini. Na mbuzi ya kukunia nazi si kitu cha kujificha nyuma yake. Nikampokonya ile leso, nikachukua simu, nikamwonyesha picha ya mamake.

"Mama huyu hapa. Mie ni Riziki. Huyu ndiye mama. Mama Simu."

Nilimwita hivyo kwa mzaha, ili jina liwe tamu mdomoni, maana mtoto hushika kitu chenye mchezo. Na kweli alishika. Simu ikilia, namuuliza, "Nani huyo?" naye, "Mama Timu." Alikuwa akikibusu kioo mpaka namuona Da Zuhura kupitia uji. Naye alifurahi, akalipenda jina, akajiita hivyo yeye mwenyewe: "Mama Simu amekuja." Basi mie nikaongeza chumvi. Mama Simu ala nini? Ala chaji. Mama Simu yuko wapi? Amelala, chaji imekwisha. Ilyas alikuwa akiilisha simu biskuti kwenye lile tundu la chini, nami nakaa chini kwa kicheko. Baba Ilyas alipeleka ile simu kwa fundi, na fundi akauliza kama tunaitumia kuchovya chai.

Hakuna hata mmoja wetu watu wazima aliyefikiria mtoto aona nini. Sisi tuliona mamake yuko Uingereza. Yeye aliona mamake yuko simuni.

Katikati ya mwaka kicheko kikapungua. Da Zuhura alikuwa na mitihani, na Ilyas alikuwa amechoka kukaa mbele ya kioo. Ambusu haraka haraka kisha arudi kwangu. Jumatano moja nilikuwa nimembeba mgongoni, Da Zuhura akinieleza alichosoma wiki ile.

"Riziki, meli yaweza kuwa ya tajiri wa Ugiriki, mabaharia Wafilipino, mzigo wa Mombasa, na bendera ya Panama. Na huko baharini sheria yauliza bendera kwanza."

"Kwa hivyo mwenye meli hana lake?"

"Analo. Lakini meli yahesabiwa ya bendera inayopeperusha."

"Basi jihadhari," nikamwambia. "Huyu wako naona keshapandisha bendera ya Timbwani."

Nikangoja acheke. Ilyas alikuwa amelaza shavu begani kwangu, ameshika sikio langu kama alivyozoea, na Da Zuhura huko alikuwa anatuona sote wawili kwenye kioo kimoja. Akatazama pembeni. Akasema ana darasa, simu ikakatika. Alikwisha niambia kwamba Jumatano hana darasa.

Utani mzuri hutoka kwenye kweli, na hiyo ndiyo hatari yake. Nilitaka kumpigia nimwombe radhi, lakini kuomba radhi kungekuwa ni kukiri kwamba nilisema kweli. Nikafua nguo zilizokuwa zimekwisha fuliwa.

Nataka niwaambie na habari ya kliniki, kwa sababu hii ndiyo inayonichoma zaidi ya mzaha wowote. Nilimpeleka Ilyas chanjo. Muuguzi akaita, "Mama Ilyas." Nikaitika, "Abee." Foleni ilikuwa ndefu, na kueleza kungekuwa kurefu zaidi. Akampima, akamminya mapaja, akasema, "Mashallah, mama, umemlea." Nikajibu, "Amechukua kwa babake," nikacheka. Hapo hakuna dhambi, kila yaya keshaitwa mama kliniki. Lakini nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya kioo cha kabati la Da Zuhura, mtoto wake mkononi, nikatazama uso wake na wangu, nikitafuta tulipofanana. Nikapata. Pua, nilidhani. Nikawa na furaha siku nzima kwa ajili ya ile pua. Hakuna mtu aliyeniona, na mpaka leo nikikumbuka nahisi uso wapata moto mbele ya karai.

Da Zuhura alimaliza. Akaandika kitabu chake kizima juu ya mizigo inayopotea baharini, akapita, akavishwa joho, akapanda ndege.

Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege, kule upande wa Changamwe: Baba Ilyas na mamake, Bi Rukia, ambaye alivuka kutoka Likoni na maua ya asumini kwenye kitambaa, mie, na Ilyas ndani ya kanzu ndogo. Nilikuwa nimemfundisha. "Mama aja leo." "Mama Timu," akasema, akapigapiga mfuko wangu wenye simu.

Da Zuhura akatoka akisukuma mizigo. Alipomwona aliacha kigari katikati ya njia, watu wakigongana nyuma yake, akaja mbio, akapiga magoti sakafuni na mikono wazi.

"Ilyas. Mwanangu. Mama huyu."

Ilyas alimtazama yule mwanamke mkubwa mwenye miguu. Akapanda kwenye paja langu kama paka akimbiaye mbwa, akaficha uso.

"Ni mama," nikamwambia. "Si wamjua? Mama Simu."

Akainua kichwa. Akanirekebisha kwa upole, kama mtu anayemweleza mjinga. Akatia mkono mfukoni mwangu, akatoa simu, akaionyesha. "Mama huku."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Nasi tulicheka. Da Zuhura alicheka kuliko wote, akainuka akipangusa magoti. Tulipofika kwenye gari Ilyas alikuwa akiipiga simu kwa kiganja akimwita, na alipoona haijibu akaanza kulia, kilio cha kweli, cha kufiwa. Hapo ndipo Baba Ilyas, mtu asiyesema, akampa mkewe simu yake.

"Mpigie," akasema.

Da Zuhura akazunguka nyuma ya gari. Simu yangu ikalia mkononi mwa mtoto. Akaonekana, na ile kofia ya sufu aliyoitoa mkobani akaivaa kwenye jua la Mombasa, kusudi ajulikane. "Ilyas, wamwona nani?" Ilyas akanyamaza, akatabasamu, akakibusu kile kioo. Mie nilikuwa nimesimama pembeni naona pande zote mbili: mtoto abusu simu, na mamake amechuchumaa nyuma ya gurudumu, hatua chache tu, machozi yaingia mdomoni, azungumza na mwanawe kwa sauti ya kuchekesha. Bi Rukia aligeuka akatazama magari. Sikujua pa kuweka mikono yangu. Ilikuwa imezoea kwenda kichwani, na sasa maajabu yenyewe yalikuwa yamekuja.

Nyumbani hapakuwa na tofauti. Ilyas alilala kwangu, alikula kwangu. Da Zuhura akimgusa anajikaza kama anayepigwa sindano. Mamake alijaribu vitu vya kuchezea vya Uingereza, gari la moshi linalopiga honi. Ilyas alichukua gari la moshi, akaja nalo kwangu. Usiku wa kwanza na wa pili nilijiambia ni ugeni. Ijumaa walikuja shangazi zake Baba Ilyas kumpongeza msomi. Pilau imepakuliwa, picha ya joho yazunguka mkono kwa mkono. Shangazi mkubwa akamsukuma Ilyas kwa mgongo: "Nenda kwa mamako." Ilyas akapita chini ya meza, akampita mamake, akaja mlangoni nilikosimama na birika, akajifunika leso yangu. "Mama," akasema.

"Ndiyo maana wakanena," shangazi akasema, akichagua kipande cha nyama, "kuzaa si kazi, kazi ni kulea."

Wakacheka, si kwa ubaya. Da Zuhura aliuliza nani aongezewe kachumbari. Alitumia ile sauti yake ya mahakamani, iliyonyooka.

Walipoondoka alinifuata jikoni.

"Nimesoma mwaka mzima habari ya mizigo iliyopotea, Riziki. Alikabidhiwa nani, ikapotelea wapi, nani alipe."

"Da Zuhura, huu haukupotea."

"La," akasema. "Umefika salama. Umefika kwa mtu mwingine."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kujibu; kwa matusi mie ni profesa. Nikavua leso. Nikamwambia, "Kesho asubuhi naenda kwetu. Nikiwa sipo atakuzoea."

Bi Rukia, ambaye bado hajarudi Likoni, alikuwa mlangoni, hatukumsikia. Yeye ni wa watu wa kale wa huku, hafanyi haraka hata nyumba ikiungua.

"Ukenda kesho," akaniambia, "huyu mwana atakuwa amepotewa na mama mara mbili, na wa pili ndiye amjuaye. Wataka alie miezi mingapi?"

"Nifanyeje, Bi Rukia?"

"Mwana huachishwaje ziwa?"

"Kwa shubiri."

"Ziwa halikimbii. Lakaa pale pale, lapakwa shubiri. Mwana aja, aonja, lamshinda, aacha mwenyewe. Kisha huangalia kuna chakula gani kingine." Akanitazama kwa upole, jambo lililonitisha kuliko yote. "Jipake, Riziki."

Da Zuhura akasema hapana. Akasema kumfanyia mtu hivyo ni dhuluma, na mtoto pia. Bi Rukia akamuuliza kama masomo yamempa njia nyingine. Da Zuhura akaanza kukusanya sahani.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na hakuna aliyenifundisha. Nilikaa ndani ya nyumba ile nikawa mchungu. Namuogesha Ilyas bila kusema naye. Namlisha nikitazama ukuta. Tulikuwa na mchezo wetu wa mbuzi: yeye asema "Ziki, mbuzi," nami natoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, aanguka chini kwa kicheko. Sasa asema "Ziki, mbuzi," nami nafunika sufuria. Arudia. Ainamisha kichwa kunitazama usoni, kama anitafuta humo ndani. Siku ya nne nilimfanyia mbuzi mara moja, kwa siri, chooni wakati wa kumnawisha, na Bi Rukia alijua kwa jinsi mtoto alivyotoka akiruka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Tuanze upya."

Mbuzi nikamfundisha Da Zuhura. Tulijifungia stoo, wakili mwenye masta mbele yangu, mikono kiunoni.

"Meee," akasema.

"Huyo mbuzi aomba kesi iahirishwe. Toa puani."

"Meee-e-e."

"Afadhali. Sasa amekanyagwa mguu."

Akatoa sauti ambayo majirani lazima waliisikia, tukatazamana, tukacheka mara moja kama zamani. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Na ukimbeba, aegemea bega lipi?" Nikamwambia la kushoto. Nikampa leso yangu ya kubebea, haijafuliwa, nikamfunga mwenyewe, fundo juu ya ziwa. Fundo nililifunga mara mbili, nikasingizia kitambaa chateleza.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Nasugua masufuria uani, Da Zuhura ameketi kwenye ngazi akichambua mchele. Ilyas alimfukuza kuku, akajikwaa, akaangukia mdomo kwenye ukingo wa saruji. Damu. Akainuka, akaja kwangu moja kwa moja, mikono juu.

Sikumbeba. Alishika leso, nami nikaitoa mkononi mwake.

"Nenda kwa mamako," nikasema, nikarudi kwenye sufuria.

Alinyamaza kulia. Mjue hilo: hakulia zaidi, alinyamaza. Alisimama pale damu yamdondoka kidevuni, anitazama, na mie nasugua. Nyuma yake ikatoka sauti ya mbuzi, imekatika katikati, imejaa kilio, mbuzi mbaya kuliko wote waliowahi kusikika Kisauni. Ilyas akageuka. Akatazama mkono ulionyooshwa, akatazama ile leso ya kubebea aliyokuwa amejifunga mamake. Akaenda. Si mbio, alikwenda kama mtu mzima aendaye mahali asipopataka kwa sababu kwingine kumefungwa. Da Zuhura akambeba, bega la kushoto, na baada ya muda nikauona mkono mdogo ukipanda kulitafuta sikio.

Nililitimiza nililoahidi. Amjua mamake mpaka unyayo. Lakini sikuhisi kama mtu aliyetimiza. Nilihisi kama nimemzaba mtoto kofi na watu wakanishukuru. Niliendelea kukaa mpaka ikawa akilia usiku aita mama na ni yeye anayekwenda. Baadaye nikajaribu nyumba nyingine, Nyali, mtoto mzuri wa miezi sita. Nilimfunga mgongoni, akalaza shavu, nikamfungua, nikamrudishia mamake, nikasema nina ugonjwa. Ndiyo kustaafu kwangu.

Mtaniuliza nawashauri nini. Nawashauri mpime maji kwa kiwiko.

Idi iliyopita walikuja kunitembelea hapa Timbwani. Da Zuhura sasa ana kesi yake ya meli, mabaharia walioachwa bandarini bila chakula, na hakuna wakili aliyeletwa kutoka Ulaya. Alinieleza yote amesimama, akila viazi, nami nilifurahi kwa moyo mmoja. Ilyas ameshaanza shule. Amevaa kanzu, amerefuka, pale mdomoni pana alama ndogo kama mbegu ya ufuta. Alijificha nyuma ya buibui la mamake, kama wanavyofanya watoto mbele ya mtu wasiyemjua.

"Msalimie Da Riziki," mamake akamwambia. "Yeye ndiye aliyekulea."

Akajitokeza, mtoto wa adabu. "Shikamoo."

Huku kwetu mtoto yeyote akikuamkia, awe wa nani, wamjibu, "Marahaba, mwanangu." Hata muuza maji humjibu hivyo, hafikirii. Mamake alikuwa akinitazama, nami nilikuwa na kijiti cha kugeuzia viazi mkononi.

"Marahaba," nikasema, nikageuza viazi.